Kumpa Farasi Mgongo

Farasi wa baba nilimuua mimi. Watu wa Kibugu husema aliuawa na baridi, na mchungaji wetu alisema yalikuwa mapenzi ya Mungu, lakini Mungu hakushika chupa ya mafuta siku ile. Niliishika mimi, kwa mkono huu wa kulia, nikijiona fundi.

Nianze mwanzo, maana nikiwa na hasira huwa naanzia katikati na watu hawanielewi.

Baba alifanya kazi miaka arobaini na tisa katika shamba kubwa la mifugo ng'ambo ya Timau, kule Meru ambako mlima unaishia na nyika inaanza. Kazi yake iliitwa saisi, yaani mtunza farasi. Aliwalisha, akawapiga brashi, akawasafisha kwato, akakesha nao wakizaa. Kwetu Kibugu alikuja Krismasi na wakati wa mazishi. Mama yangu ndiye aliyelima chai, akakamua, akatulea, akazeeka, na yote hayo aliyafanya peke yake.

Mimi ni binti wa kwanza, na kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake. Kwa hiyo baba hamwiti binti huyo kwa jina. Humwita "mama", kwa heshima, kana kwamba anaongea na aliyemzaa. Nilipokuwa mdogo, Krismasi ikikaribia, nilikuwa namsubiri langoni tangu asubuhi ili nisikie maneno hayo tu: "Mama, umeshindaje?" Mkate aliobeba ulikuwa wa wadogo zangu. Mimi nilikuwa nimeshiba.

Neno hilo lilikwisha siku tuliyomzika mama yangu. Alikuwa ameugua miezi minane, na aliyemgeuza kitandani miezi yote hiyo ni mimi. Baba alifika jeneza likiwa tayari uani, buti zake bado zina matope ya zizi. Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia mbele ya waombolezaji wote, "Kumzika umekuja. Kumwuguza, njia ilikupotea?" Alivua kofia, akaishika kifuani. Tangu siku hiyo akaniita "wewe". Wewe, niletee maji. Wewe, mume wako yuko wapi? Ikawa hivyo miaka mitano, na kwa kiburi changu nikajifanya sijali. Nilijali sana. Niliumia.

Halafu wenye shamba wakauza shamba. Farasi wenye nguvu walipata wanunuzi, akabaki jike mmoja mzee, kahawia, mwenye baka jeupe usoni, ambaye hakuna aliyemtaka. Ilisemekana atapigwa risasi. Baba alikuwa anaandaliwa zawadi ya kumuaga, akawaambia wasihangaike, zawadi yake ni huyo farasi. Kisha akanipigia simu. "Wewe. Ninakuja nyumbani kabisa. Lakini siji peke yangu."

Haki ya Mungu, nilidhani ni mwanamke. Niliketi nikamwita mume wangu nikamwambia tumepata mama wa kambo. Baba aliposema ni farasi, nilicheka hadi machozi yakatoka, halafu nikaacha kucheka, maana mwanamke ningejua pa kumweka.

Nilikwenda kuwachukua mwenyewe, na kanta, lori dogo la kukodi. Tulipofika Meru mjini tukasimama kando ya stendi farasi anywe maji, na watu wa boda boda wakaacha pikipiki zao wakatuzunguka. "Mathe, huyo punda mmempea mbolea gani?" "Mzee, hiyo yako inakunywa petroli ama dizeli?" Kicheko kila upande. Baba hakuwasikia. Alikuwa amesimama nyuma ya kanta, paji lake limegusa shingo ya yule mnyama, ananong'ona kwa lugha yetu, "Tulia, mama. Tulia."

Nilisikia vizuri. Mama! Kumbe neno halikufa, lilihamia kwa farasi. Nikaona wivu wa kitoto, mimi mwanamke wa miaka hamsini na mbili mwenye wajukuu, nikawafokea wale watu wa boda boda hadi wakaanza kuniomba msamaha.

Tulipopita Chuka nikashindwa kuvumilia. "Baba, na akikataa kwetu?"

Alikuwa anaangalia barabara. "Asipotulia, tutarudi wote wawili."

"Na akitulia?"

"Akitulia, na mimi nitatulia."

Basi nikajua kazi yangu ni nini. Sikumtaka farasi hata kidogo. Nilimtaka baba. Nilitaka azeekee nyumbani, nimpikie uji wake, nimsikie akikohoa asubuhi katika kile kijumba cha mbao tulichomjengea nyuma ya jikoni. Na kabla mmoja wetu hajakufa, nilitaka aniite tena inavyopaswa.

Kibugu ni juu kabisa, msitu uko pale, na mwezi ule ukungu ulikuwa unaamka nasi na kulala nasi. Farasi aliteremshwa kwenye matope mekundu katikati ya chai, akasimama anatetemeka miguu yote minne. Alinusa majani chai, akapiga chafya, akainua kichwa akalia. Sijui nisemeje alivyolia. Ng'ombe akilia anataka chakula. Huyu alikuwa anaita watu fulani, anasikiliza, anaita tena. Ng'ambo ya bonde mbwa wakajibu. Akazidi kuita.

Nilikuwa nimemwandalia banda zuri kando ya ng'ombe wangu wa gredi, wa maziwa, sakafu ya saruji, hori jipya, majani mabichi ya nepia yamekatwakatwa yamejaa. Hakutaka kuingia. Tulivuta, tukasukuma, jirani yangu wa ng'ambo ya kijito akaja kusaidia huku akitaka kujua kama hupigwa kofi mbele au nyuma. Baba akatuambia tuache kelele. Akaangalia banda langu kama mtu anayeangalia jela. "Ng'oeni ukuta huu aone nje." Ukuta wangu! Mume wangu akaung'oa, na ng'ombe wangu akashtuka akapunguza maziwa wiki nzima.

Na bado hakula. Siku ya kwanza hakugusa kitu, siku ya pili akatafuna mashina machache akayatema. Alitembea tu, kutoka kona hii hadi kona ile, akakanyaga njia yake ikawa mtaro. Siku ya tatu akina mama wa kanisa walikuja kwangu kuomba. Tulipofumba macho, farasi akalia nyuma ya nyumba kwa sauti ile yake, na mwenyekiti wetu akaruka akasema "Shindwa!" Tulicheka sana. Lakini wageni walipoondoka nilimkuta baba amesimama mtaroni na farasi, wote wawili wameelekea upande wa Timau, nikakosa cha kuchekea.

Kesho yake baba alikuja jikoni akachukua kigoda changu, karai, na maharagwe yaliyokuwa bado kwenye maganda. Akaenda bandani, akaweka kigoda katikati, akaketi akimpa farasi mgongo, akaanza kuambua maharagwe. Sikuelewa. Nilimpelekea chai nikamwuliza kama amerukwa na akili.

"Ukimtazama usoni anajua unataka kitu," akasema. "Hata ukimhurumia, anaona unataka kitu. Mpe mgongo, ufanye kazi yako. Yeye atakuja."

"Na akija?"

"Usigeuke. Hata akikugusa. Siku ya kwanza hugeuki."

Aliketi hivyo kutwa, na kesho yake, na keshokutwa, mvua ikinyesha anavuta gunia begani. Niliambuliwa maharagwe ya mwaka mzima. Nyasi mbichi baba alikataa farasi asipewe. Alitaka nyasi kavu kama za Timau, na Kibugu mwezi ule hata soksi ilikuwa haikauki. Akawa anakata nyasi kando ya barabara ya msitu, anazitandaza juu ya mabati ya nyumba yangu, na wingu likitokea tunakimbia wote kuzianua, mimi nikigomba, yeye akipanda ngazi kama kijana. Hizo ndizo siku nilizopata kuwa naye. Tulikuwa tunagombana kuhusu nyasi, lakini tulikuwa tunaongea.

"Kidogo kidogo, siku nzima," aliniambia. "Pumba hapana. Mahindi hapana. Chakula cha ng'ombe cha gunia usimwonyeshe hata mfuko."

"Kwani ana ugonjwa wa sukari?"

"Wewe, sikia ninachokuambia."

Siku ya tisa nilikuwa mlangoni pa jikoni nikichagua mchele. Niliona farasi ameacha mtaro wake. Alikuja hatua moja, akasimama, akaja nyingine, akanyoosha shingo, akaweka mdomo begani kwa baba. Baba hakugeuka. Mikono yake ilikuwa bado inaambua, lakini maharagwe yalikuwa yanaanguka nje ya karai. "Karibu nyumbani, mama," akasema. Na nikamwona anafuta macho kwa mkono wa koti.

Nilipaswa kufurahi. Nilirudi ndani nikalia kwa hasira. Ati farasi wa Timau amekaribishwa nyumbani kwangu, kwa neno langu.

Kuanzia siku hiyo alikula, lakini kutoka kwa baba tu. Mimi nikiingia na nyasi anageuza makalio. Na mbavu zilikuwa zimetokeza. Lazima mnielewe hapa, la sivyo mtaona nilikuwa mjinga tu. Mimi katika kijiji hiki ndiye mtu wa ng'ombe. Ng'ombe wa mtu akifura tumbo, akigoma kuzaa, akikataa ndama, mimi huitwa kabla daktari hajaitwa. Watu walikuwa wanapita langoni wakienda kupima majani chai, wanaona mbavu zile, wananiambia, "Kwako mnyama anakonda? Wewe?" Neno hilo liliingia likakaa.

Siku ya kliniki ya baba ikafika, ya presha, kule hospitalini mjini Embu. Mume wangu akampeleka. Kabla ya kupanda pikipiki baba aligeuka akaniambia, "Nyasi ziko juu ya dari. Umpe viganja viwili viwili. Keti naye kidogo, asijione ameachwa." Nikasema sawa, sawa, nenda.

Hata pikipiki haijafika kona, nikafungua gunia.

Nilichanganya debe zima, pumba ya mahindi na chakula cha ng'ombe, nikanyunyizia molasi kama ninavyomfanyia ng'ombe aliyetoka kuzaa. Nilitaka baba akirudi nimwambie, "Amekula kutoka kwangu." Hilo tu ndilo nililotaka. Farasi akanusa. Akaja! Akala debe zima, akalamba debe, midomo ile laini ikanitafuta viganjani kama kuna nyingine. Nikampapasa baka lake jeupe kwa mara ya kwanza. Nikamwambia, "Umeona sasa? Si ungeniamini tangu mwanzo?" Nikamwongezea na nepia.

Saa sita mchana nikamkuta amelowa jasho. Alikuwa anaparapara sakafu kwa kwato, anageuza kichwa kuangalia tumbo lake, analala, anaamka, analala tena. Nikapiga kelele, na jirani wa ng'ambo ya kijito akaja mbio. Akagonga tumbo lile kwa kiganja, likalia kama ngoma. "Huyu amefura," akasema. "Na dawa si unayo?"

Dawa nilikuwa nayo. Mtu yeyote wa hapa anayefuga ng'ombe anayo. Unamwinua kichwa kwa kamba, unaingiza shingo ya chupa pembeni mwa mdomo, unamimina mafuta ya kupikia, ng'ombe anacheua, gesi inatoka, unaenda kunywa chai. Nimeokoa ng'ombe wengi hivyo, hata siwakumbuki wote. Tukapitisha kamba juu ya boriti, jirani akavuta, kichwa cha farasi kikainuka hadi macho yake yakawa yanaangalia mabati. Nikamimina chupa ya kwanza. Akakohoa, mafuta yakamtoka puani.

"Anakohoa," jirani akasema. "Tuache?"

"Vuta kamba," nikamwambia. "Akikohoa ndiyo inaingia."

Nikamimina ya pili yote.

Hiyo chupa ya pili ndiyo nailaumu. Ya kwanza ilikuwa kutojua. Ya pili ilikuwa kiburi.

Baba aliporudi, saa tisa hivi, hakuingia nyumbani, alikwenda moja kwa moja bandani kama kawaida yake. Sisi tulikuwa tumemfungua farasi, amesimama kichwa chini, pua zinang'aa mafuta, anapumua kama mtu anayepanda kilima. Baba aliangalia debe. Akaangalia boriti, kamba bado inaning'inia. Akaangalia chupa mbili.

"Umempa nini?"

Nikamwambia yote, sikuficha hata molasi. Jirani alikuwa ametoweka. Baba alivua koti lake la kliniki, lile zuri, akaanza kumfuta farasi pua kwa bitana.

Daktari wa mifugo alifika kwa pikipiki, akamdunga sindano ya tumbo, kisha akaweka sikio kifuani kwa farasi muda mrefu. Aliponieleza, aliniambia kwa upole, maana tunafahamiana. "Ng'ombe hucheua, gesi yake hutokea mdomoni. Farasi hacheui wala hatapiki. Na ukimwinua kichwa hivyo ukammiminia, mafuta hayaendi tumboni. Yameingia mapafuni, mama." Nikamwuliza kama yatatoka. Akafunga mkoba wake.

Tumbo lilipona. Hebu fikirieni hilo, tumbo lilipona kesho yake. Kilichomuua kilikuwa dawa yangu. Alisimama siku nne, homa juu, anakohoa vitu vyenye harufu mbaya, nyasi zile kavu zimewekwa mbele yake hazigusi. Baba alisimama naye. Mimi nilileta maji ya moto, nikaleta blanketi, nikaleta chai ambayo hakuinywa, na kila nilipoleta kitu alisema, "Weka hapo." Nilitamani anitukane. Nilimwomba kabisa: "Baba, nigombeze basi!" Akasema, "Weka hapo."

Siku ya tano asubuhi, kukiwa na ukungu, farasi alipiga magoti, akalala ubavu, akaweka kichwa kwenye buti za baba. Baba alimwambia, "Tulia, mama." Akatulia.

Shimo la farasi ni kubwa, hamjui. Watu sita walichimba kutoka asubuhi hadi alasiri, tuling'oa chai mistari miwili. Vijana wa Kibugu, ambao nao walikuwa wakitutania kuhusu punda wa petroli, ndio waliochimba, na hakuna aliyefanya mzaha, ila mmoja tu aliyeuliza kama nyama yake huliwa, nikamtazama akarudi kuchimba. Baba alikata kishungi cha nywele za shingo ya farasi, akakikunja ndani ya leso, akaweka mfukoni. Kisha akaingia kijumba chake cha mbao akafunga mlango.

Jioni ile nilimkuta anapanga nguo kwenye sanduku lake la bati. Sikuwa na haki ya kumzuia, si alishaniambia njiani? Alimpigia simu mwenzake wa zamani kule shambani. Nilikuwa nimesimama nje na sahani ya chakula, nikasikia sauti ya yule mtu ikitoka kwenye simu, inapiga kelele kama wazee wanavyopigia simu. Nyumba za wafanyakazi zilibomolewa. Mazizi pia. Sasa kuna mahema ya plastiki ya kuoteshea maua hadi barabarani. Baba akasema asante, akaweka simu kitandani. Hakufungua sanduku, wala hakuondoka. Alibaki kwangu kwa sababu hakuwa na pa kwenda, na mimi nilijua, na yeye alijua ninajua.

Akaacha kula. Uji ulirudi kama ulivyokwenda. Alilala ameelekea ukuta, koti lile la bitana yenye mafuta limemfunika. Nilijaribu yote ninayojua. Nilimbembeleza. Nilimletea mchungaji, akaomba, baba akaitikia amina akageukia ukuta. Siku moja nikamfokea, "Nimesema pole mara ngapi? Unataka nife na mimi?" Nilitoka nikapiga teke ndoo ya maziwa, nikaketi kwenye matope nikalia mbele ya ng'ombe.

Nilipokuwa nalia pale ndipo nilipokiona kile kigoda, bado kiko bandani alipokiacha.

Sijui nilikaa nikikiangalia muda gani. Nilichofikiri ni hiki: kila nilipoingia kwake niliingia nikitaka kitu. Nikibeba uji, nataka ale. Nikisema pole, nataka anisamehe. Hata kulia kwangu kulikuwa kunadai. Na debe lile, na chupa zile, Mungu wangu, vyote vilikuwa kutaka.

Kesho yake asubuhi nilichukua kigoda, karai na maharagwe, nikaketi kizingitini pa kijumba chake, nikampa mgongo. Nikaanza kuambua. Sikumsalimia. Kwetu kumpa baba mgongo bila salamu ni utovu mkubwa wa adabu, na mume wangu alipopita na kikapu cha chai alishangaa, lakini ananijua, akapita. Uji niliuweka sakafuni nyuma yangu bila kusema ni wa nani.

Siku ya kwanza ulipoa. Siku ya pili pia. Mvua ilinyesha nikavuta gunia begani. Majani yangu ya chai yalikomaa yakaharibika mistari mizima, na jirani wa ng'ambo ya kijito, ambaye hatukuwa tumetazamana tangu siku ile, akaanza kuchuma upande wangu bila kuulizwa. Ilikuwa vigumu sana kunyamaza. Mdomo huu haukuumbwa kwa kazi hiyo. Mara nyingi nilikuwa na maneno hapa kooni, ya siku ya mazishi, ya mama yangu, ya jinsi alivyomwita baba usiku wake wa mwisho. Nikayameza, nikachukua ganda lingine.

Siku ya nne nilisikia kijiko kikigonga kikombe. Sikugeuka. Siku ya sita kikombe kilikuwa kitupu. Siku ya nane nilisikia sanduku la bati linafunguliwa, na vitu vinatolewa, kimoja kimoja, muda mrefu. Nilibana midomo hadi ikauma.

Siku ya kumi na moja ukungu uliondoka mapema. Maharagwe yalikuwa yameisha, nilikuwa nimeanza njegere. Nikasikia kitanda kinalia, halafu miguu, hatua moja, ikasimama, halafu nyingine. Harufu ya lile koti ikanifikia kwanza. Mkono wake ukaja begani kwangu, mwepesi, mifupa mitupu, ukakaa hapo. Njegere zikaanza kuanguka nje ya karai. Nilitaka kumshika mkono ule, nilitaka kumwangukia.

"Mama," akasema, "sogeza karai hilo, nikusaidie."

Nikasogeza karai. Sikugeuka. Siku ya kwanza hugeuki.